Mkono wa Linet

Jilore, 14 Aprili 2024

Mdogo wangu Kazungu,

Pokea salamu za nyumbani. Mvua imeshuka vizuri, mahindi tumeshapanda, na mto Sabaki mwaka huu bado haujatutembelea mashambani. Kaka yetu Mramba amenunua ng'ombe mwingine, na kila mgeni anayeingia uani lazima apelekwe kumtazama. Mama anauliza kama mkeo Easter amejifungua, au mnamwacha mtoto asomee huko huko tumboni atoke na shahada.

Usishangae kuona barua. Simu yangu ikilia ua mzima hukusanyika, na Mramba hutaka iwekwe sauti kubwa asikie mwenyewe. Haya si ya sauti kubwa. Naznin wa dukani Malindi amekubali kuzipokea barua zetu na kuzipakia kwenye basi pamoja na mizigo yake.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi uliopita Linet wangu alitaka kwenda disko matanga, kule kwenye msiba wa majirani. Wewe wajua watoto hurudi na nini kutoka huko. Mama akamzuia mlangoni. Linet akamsukuma, na mama akaanguka akaigonga nyonga kwenye kinu. Alipoinuka hakulia. Alisema mbele ya watu: "Mkono ulionisukuma mimi, niliyemzaa mamako, na ulale."

Siku chache baadaye Linet aliamka mkono wa kulia unaning'inia. Nimemchoma sindano ya kushonea, hasikii. Hospitali ya Malindi walimgongagonga na nyundo yao ndogo, wakasema mishipa ni mizima, arudi nyumbani apumzike.

Mramba hasemi neno, nawe wajua kunyamaza kwa Mramba. Ameacha kula chakula cha jikoni kwa mama. Watoto wake hawapiti tena mbele ya mlango wa mama. Kazungu, mama ana mvi kichwa kizima sasa, na huku kwetu mvi zimegeuka kuwa ushahidi wa uchawi. Mzee wa ng'ambo ya mto walimchomea nyumba kwa neno dogo kuliko hili. Naogopa, sitakuficha.

Wewe ndiwe unayesoma mambo ya ubongo. Neno laweza kulaza mkono? Njoo umtazame mpwa wako mwenyewe.

Dada yako,
Caroline


Nairobi, 3 Mei 2024

Dada Caroline,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta hospitali ya wazazi. Easter amejifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Tumempa jina la mama, Kadii, kama inavyopasa. Mwambie mama anaitwa huku kila saa, na kila saa anaitikia kwa kulia.

Sasa hilo la Linet. Limenikasirisha kuliko kunihuzunisha. Hakuna neno linaloruka kutoka kinywa cha mtu likalaze mkono wa mtu mwingine. Kila kinachotokea akilini, iwe hofu, hasira au nia, kina mwenzake ndani ya ubongo, na wawili hao wamefungwa kwa sheria, kama sheria inayolifanya jiwe lianguke chini na si juu. Hiyo ndiyo tasnifu ninayoiandika mwaka wa nne sasa. Ukinipa upande mmoja, nitakutajia wa pili.

Kwa hiyo, mkono ukilala, kuna mahali ubongoni au shingoni pamelala. Nimeshapanga na hospitali moja Mombasa apigwe picha ya ubongo kwa ile mashine kubwa. Picha itapaonyesha mahali penyewe. Mpe Mramba aitazame mpaka ashibe. Wala asije mtu akampeleka mtoto kwa mganga.

Kuja siwezi kwa sasa. Natetea tasnifu Julai, na mtoto bado mchanga.

Mdogo wako,
Kazungu


Jilore, 27 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera nyingi. Mama alipiga vigelegele mpaka mbwa wakaanza kubweka, halafu akauliza kama mtoto ana nywele. Mramba aliposikia jina la mtoto alisema "Haya" tu, akaenda kwa ng'ombe wake.

Tumekwenda Mombasa. Linet aliingizwa kwenye mashine, akatoka. Daktari, kijana mpole, alisema ubongo wa binti huyu ni mzuri kabisa, hauna doa, shingo nayo ni safi. Nilifurahi kama mjinga. Njia nzima nilikuwa napanga nitakavyomwambia Mramba.

Nikamwambia mbele ya Mzee Nahashon, ambaye ndiye anayeamua mambo ya ukoo tangu baba afe. Nikasema, "Wamemtazama ndani kote. Hakuna kitu."

Mramba akauliza, "Mwilini hakuna kitu?"

"Hakuna."

"Basi umesema wewe. Kama mwilini hakuna, kiko kwingine."

Kazungu, nilikwenda kutafuta dawa ya mdomo wa Mramba, nikarudi na kamba ya kumfungia mama. Ile picha yako imebandikwa kwenye ukuta wa sebule ya Mramba. Anawaonyesha watu usafi wake.

Sasa wazee wanataka mama afungue neno lake. Wewe wajua desturi: aliyetamka neno zito hutia maji kinywani, akamtemea yule aliyemtamkia, akasema heri. Mama amekataa. Aliwauliza, "Nikitema na mkono ukaamka, mtasema nini? Na usipoamka, mtasema nini?"

Linet haongei naye. Si kwa chuki, ni kwa aibu. Humtazama mama akipita, halafu huutazama mkono. Andika kitu ninachoweza kuwasomea wazee, na uandike kwa Kiswahili chepesi, si kile chako cha chuoni. Na useme utakuja lini.

Caroline


Nairobi, 10 Juni 2024

Dada Caroline,

Shikamoo. Sisi wazima, mtoto amenenepa, usingizi tumeusahau.

Picha kuwa safi haimaanishi kwamba nilikosea. Inamaanisha jambo lenyewe ni jembamba kuliko macho ya mashine. Nimeuliza wanaojua, na ugonjwa huu unafahamika. Linet hadanganyi, wala si mvivu. Mkono wake ni mzima. Kilicholala ni ile njia ya kuuamrisha. Sikiliza vizuri, na uwasomee wazee kutoka hapa.

Linet alimsukuma mama, hawe yake, akaona aibu. Kisha akasikia lile neno, akaliamini, akaogopa. Maneno ya mama yalimwingia, na yalipomwingia yakaulaza mkono. Neno hilo hilo angetamkiwa mtoto wa Kizungu asiyejua mila zetu, asingepata hata mwasho. Kwa hiyo nguvu haikutoka kwa mama. Ilitoka kwenye imani ya Linet mwenyewe. Mama hana kosa zaidi ya mzazi yeyote aliyekasirika.

Mwondoleeni mtoto hofu. Hofu ikiondoka, mkono utaamka. Hiyo ni sheria, haina upendeleo wala haimjui mchawi.

Kazungu


Jilore, 1 Julai 2024

Kazungu,

Mahindi yamebeba. Nyumba ya kuku imeanguka kwa upepo, hakuna aliyeumia. Salamu zimekwisha.

Niliwasomea barua yako, wazee saba na Mramba, mama akiwa amekaa kwenye mkeka wake, Linet nyuma yangu. Nilisoma kwa sauti ya shule. Nilipofika pale "yakaulaza mkono," Mramba akainua kidole.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mzee Nahashon, umemsikia msomi wetu. Maneno ya mama yaliulaza mkono. Sisi tulikuwa tunasema nini?"

Nikasoma haraka haraka mpaka kwa mtoto wa Kizungu, nikidhani hapo wataelewa. Wakacheka. Mzee Nahashon hakucheka. Alisema polepole, "Linet si mtoto wa Kizungu, mwanangu."

Mama akainuka bila kuambiwa. Aliomba maji, akatia kinywani, akamtemea Linet kifuani na kwenye ule mkono, akasema, "Mjukuu wangu, sina kinyongo nawe, uwe mzima, uolewe, uzae, unizike." Sauti yake haikutikisika. Wote tukautazama mkono. Uliendelea kuning'inia.

Nilidhani imekwisha. Kama neno lake la ubaya lina nguvu, la wema nalo lingekuwa nayo. Na kama la wema halina, basi hata lile la kwanza halikuwa nayo. Hata mimi nisiyesoma ubongo naona hivyo. Mramba akasema, "Maji yametoka, moyo umebaki."

Mzee Nahashon akakata shauri, nami nakuambia alikuwa akijaribu kumwokoa, maana vijana walikuwa wameanza kusimama simama nje. Alisema: Kadii aondoke, akakae mbali. Mkono ukiamka akiwa hayupo, tutakuwa tumejua. Ukibaki umelala mpaka tule mahindi mapya, basi si yeye. Atarudi kwa heshima, Mramba atatoa mbuzi, na hakuna atakayelitaja tena.

Mama yuko Magarini kwa mdogo wake, mama mdogo Dama. Aliondoka na mkeka na sufuria mbili, akakataa nimbebee, na nyonga bado inamuuma. Linet alilia mpaka akatapika.

Ulisema ni sheria. Sheria gani hii ambayo kila ukiigeuza inamchoma mama? Na hii ni mara ya tatu nakuuliza utakuja lini.

Caroline


Jilore, 11 Agosti 2024

Kazungu,

Hujambo? Mwezi umepita na zaidi. Naznin ananiambia hakuna kitu kutoka kwako, mpaka nimeona haya kumuuliza. Sijui kama u mgonjwa au u mwoga. Mtoto hajambo?

Nilimtembelea mama. Amekonda, lakini anapalilia shamba la Dama kama aliyeajiriwa. Hakuuliza habari za Mramba. Aliuliza habari za mkono.

Sasa nisikilize, na barua hii uichome. Jumamosi asubuhi nilitoka kwenda kuchuma mchicha, nikarudi kuchukua kisu nilichokisahau. Nikamkuta Linet nyuma ya jiko anajisuka nywele. Mikono miwili juu kichwani, Kazungu, vidole vinakimbia.

Aliponiona aliushusha ule wa kulia, kama mwizi anayeangusha kuku. Nilitaka kupiga kelele ya furaha. Akaniziba mdomo, na mkono aliotumia ni ule ule uliokuwa umelala, wenye joto.

"Mama, usiseme. Wakijua, hawe harudi tena."

Uliamka wiki moja baada ya mama kuondoka. Kwanza vidole, siku alipokuwa akiwalisha kuku wa hawe yake, halafu wote. Tangu hapo anauficha. Anakula kwa kushoto, anafua kwa kushoto, watoto wakimrushia mpira anauacha umgonge. Mtoto wa miaka kumi na sita amepiga hesabu ya wazee wote wale na kuona watakachosema. Nililia, kisha nikanawa uso, nikachukua leso yangu nikamfunga mkono mimi mwenyewe, nikaukaza vizuri. Bado wiki tatu hivi mpaka mahindi mapya.

Kwa hiyo nakuuliza, nawe ujibu kama ndugu. Mkono uliokwisha kujifunza kulala, ukilazwa tena kwa kusudi kila siku, hauwezi kulala kweli?

Caroline


Nairobi, 24 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo, na nisamehe kwa kimya. Mtoto hajambo, ameota jino. Easter hajambo.

Tasnifu yangu ilikubaliwa mwezi uliopita. Walinipa mikono, wakala keki. Sikukuandikia kwa sababu sikuwa na uso. Wiki moja kabla ya hapo nilimweleza Viola, profesa anayenisimamia, habari za Linet bila kumtaja jina. Akaniuliza, "Kwa sheria yako, mkono utaamka lini?" Nikasema, hofu ikiondoka. "Utajuaje kwamba hofu imeondoka?" Nikasema, mkono ukiamka. Bora angecheka.

Bado naamini kwamba hofu ya Linet ni nyama na damu, si pepo. Mkono ulipolala, kitu fulani mwilini kilifanya hivyo, na ulipoamka vilevile. Lakini sheria ile niliyoiandika, hofu kiasi hiki upande huu, mkono upande ule, sijaiona. Hofu yake haikai peke yake niipime. Imeshikana na aibu, na kumpenda mama, na yote aliyosikia tangu utotoni kuhusu neno la mzee. Ukigusa moja, mengine yote yanageuka. Mama ameondoka: je, Linet aliogopa kidogo zaidi, au alihuzunika zaidi? Na kipi kati ya hivyo kiliamsha vidole? Naweza kukupa maelezo mazuri kwa lolote litakalotokea, baada ya kutokea. Hata Mramba anaweza.

Umeniuliza kama ndugu. Jibu ni kwamba sijui. Unaweza kulala kweli. Unaweza usilale.

Na kuhusu kuja, si kazi iliyonizuia. Easter hataki mtoto aje Jilore mpaka mambo yaishe. Nilimgombeza, nikamwita mshamba. Kisha siku moja mtoto alipata homa, na kabla sijafikiria mbu wala chanjo, nilifikiria jina tulilompa. Nilimfikiria mama. Ilikuwa mara moja tu, ikapita, lakini wazo lilikuwa langu. Mimi, dada, mwenye shahada hii. Tangu hapo naona haya kumtazama mama usoni.

Kazungu


Jilore, 15 Septemba 2024

Mdogo wangu Kazungu,

Marahaba. Hongera ya keki, na ya jino. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikakasirika, kisha hasira ikanichoka.

Mahindi mapya yameliwa. Mzee Nahashon alikuja mwenyewe, akamwita Linet mbele ya watu, akaunyanyua ule mkono na kuuachia. Ukaanguka. Mtoto hakupepesa jicho. Mzee akasema, "Si Kadii." Mama alirudishwa Jumanne kwa nyimbo, akina mama wa kanisani na wa mila pamoja. Mramba alitoa mbuzi bila ubishi, akamchinja, akamwomba mama radhi mbele ya wote. Usimdhanie jiwe. Naye alikuwa akimwogopea mpwa wake. Ile picha ya ubongo ameibandua ukutani mwenyewe.

Alhamisi asubuhi wanaume walikuwa shambani, watoto shuleni, uani tuko sisi tu. Nikamwita Linet, nikamfungua leso. Nikamwambia, "Haya mwanangu, imekwisha. Kesho utasema umeanza kusikia mwasho, na wiki ijayo utakuwa mzima." Alikuwa anacheka. Akautazama mkono. Halafu akanitazama mimi, na kicheko bado kiko mdomoni hakijajua pa kwenda.

"Mama, haunisikii."

Nilidhani anatania. Nikamfinya, nikachukua sindano. Kazungu, hakuna. Umelala kama siku ile ya kwanza.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameona yote, na Linet, kwa kulia kwake, akamweleza yote: kwamba uliamka alipoondoka, na kwamba tuliuficha ili arudi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaketi.

Sasa angalia tulipofika. Mramba hana tena neno. Kwake yeye mkono haukuamka hata siku moja. Ushahidi wote wa kumfunga mama uko kwetu, sisi tunaompenda: hawe yuko, mkono umelala, hawe hayuko, mkono umeamka, hawe amerudi, umelala tena. Najua ni leso yangu. Najua ni mtoto aliyeubana mkono wiki hizo zote kwa hofu. Najiambia hivyo kila ninapotwanga na kila ninapochota maji. Lakini sina namna ya kukuonyesha kwamba ni hivyo, nawe umeniandikia kwamba hata wewe huna.

Jana mama alinifuata jikoni. Aliniuliza, kwa upole, kama mtu anayeulizia chumvi, "Caroline, mtu anaweza kuwa mchawi asijijue?"

Nilisema, "La, mama." Lakini nilichelewa. Ni kitambo cha kuvuta pumzi tu, na aliona. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa kitu, akaendelea kuchambua mchele.

Ameanza kufunga mkeka wake. Anataka kurudi Magarini bila kumwambia mtu, mjukuu wake apone. Nimemwomba angoje mpaka Jumapili ijayo, nikamwambia mnakuja. Nimemdanganya, kwa hiyo uufanye uongo wangu uwe kweli. Zungumza na Easter, na kama hataki, zungumza naye tena. Usije na karatasi, wala usimweleze mama chochote kuhusu ubongo. Uje na mtoto. Umpe mama ambebe, pale pale mlangoni, kabla hujanywa maji. Na utakapokuwa unampa, Kazungu, usisite. Atakuwa anakutazama.

Nakungoja,
Caroline